Masikio ya Chui na Ndoo ya Mama Resti

Jumamosi, Masama.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika mchana, na jioni hii migomba bado inadondosha matone juu ya bati la jiko. Mlima hauonekani kabisa. Nimekaa barazani na simu mkononi, shati langu linanuka dawa ya ng'ombe, na mkono wa kushoto umejaa mikwaruzo. Hata hivyo nina furaha.

Wanaonisoma hapa wamezoea habari za kazi yangu. Mimi ni mpishi wa safari za mlimani. Napika supu mahali ambapo maji yanachelewa kuchemka na vidole vinakataa kushika kisu. Mke wangu na watoto wako Moshi mjini kwa sababu ya shule, na kila nikishuka mlimani hupanda kwanza huku kihambani kumwona mama, kwenye migomba na kahawa alizoachiwa na marehemu baba. Safari hii nimekaa zaidi kidogo, maana ni mvua na wageni ni wachache.

Leo sitaandika supu. Leo ni masikio ya paka.

Paka mwenyewe anaitwa Chui. Ni dume la rangi ya majivu lenye madoa, na mama hampendi kwa maneno, ila kila asubuhi anamwekea maziwa kabla hajatuwekea sisi chai. Bila Chui, panya wangekuwa wameshakula mahindi yote ya darini. Mama analijua hilo na Chui analijua.

Majuma machache yaliyopita nilimkuta Chui akijikuna sikio kwa mguu wa nyuma mpaka manyoya yanaruka. Anajikuna, anatikisa kichwa, anajikuna tena. Mama alisema ni viroboto. Nikachukua taa yangu ya kichwani, ile ninayopikia mlimani, nikamshika Chui mapajani na kulikunja sikio lake taratibu kwa nyuma. Ndani kulikuwa na uchafu mweusi, mkavu, wa chengachenga, kama machicha ya kahawa yanayobaki chini ya kikombe.

Mtu anayeshinda na visu na moto huwa na imani kubwa na mikono yake. Mimi pia. Lakini sikio si sufuria, kwa hiyo kesho yake nilimtia Chui kwenye kapu lenye mfuniko, tukashuka kwa daktari wa mifugo kule Kwa Sadala.

Daktari ni kijana mpole anayeongea polepole. Alimwangalia Chui ndani ya sikio kwa kifaa chake chenye taa, akaniambia ni utitiri, wadudu wadogo wanaoishi kwenye njia ya sikio, wanaohama kutoka paka mmoja kwenda mwingine wakilala pamoja. Aliangalia pia kama kile kiwambo cha ndani kiko salama, maana kikiwa kimetoboka hutakiwi kumimina kitu chochote mle. Kilikuwa salama. Akampa Chui dawa ya matone ya kuweka shingoni, akanipa na chupa ya maji maalumu ya kusafishia.

Halafu akaniuliza, "Mna paka wengine nyumbani?"

"Hapana," nikamjibu bila kusita.

Kusafisha nilijifunza haraka, na niseme ukweli, nimekuwa hodari. Naandika hapa kwa sababu najua wako wengine wenye paka na wasiwasi.

Kwanza naipasha chupa moto kwenye viganja, maana maji ya baridi sikioni yanamshtua paka na hatakusamehe. Namviringisha Chui kwenye taulo, kichwa tu kiwe nje, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nalivuta sikio nyuma kidogo, namimina maji ya dawa yaingie, kisha nalikanda shina la sikio kwa chini, pole pole, mpaka nasikia ule mlio wa maji yanayochezacheza ndani. Hapo namwachia atikise kichwa. Usisogeze uso wako karibu wakati huo. Uchafu unaruka wenyewe mpaka ukutani.

Baadaye nachukua pamba, nazungushia kidole, na nafuta kile tu ninachokiona. Ninapoishia kuona, na kidole kinaishia hapo. Vile vijiti vya pamba tunavyotumia sisi havimfai. Vinasukuma uchafu ndani zaidi, na paka akigutuka unaweza kumtoboa. Spiriti hapana, mafuta ya taa hapana, hata kama jirani atakuapia kwamba yalimponya mbwa wake. Ukiona damu, usaha, harufu kali, au paka anatembea kichwa upande, unaacha kila kitu unakwenda kwa daktari.

Na mwisho kabisa, dagaa. Chui hupewa dagaa kila tunapomaliza, na siku hizi akiliona taulo hakimbii, anaanza kuangalia lilipo bakuli.

Masikio yakawa safi, ya waridi. Nikajisifu kwa mama. Nikajisifu kwa mke wangu kwenye simu. Nilitaka hata kuweka picha hapa.

Juzi uchafu ukarudi.

Nilikaa na taa kichwani nikimwangalia Chui ndani ya sikio kana kwamba amenidanganya. Weusi uleule. Nikampigia daktari. Akanisikiliza, akauliza tena swali lake, ila safari hii akalipindua kidogo: "Huyo paka, akitoka kwenu anakwenda wapi?"

Sikuwahi kujiuliza. Chui hutoka asubuhi, hurudi anapotaka, mimi nilidhani yuko kazini.

Basi leo, mvua ilipokatika, nikamfuata.

Alipita kati ya migomba bila haraka, akakwepa madimbwi, akaruka mfereji ulio mpakani mwetu, na akaingia kwa Mama Resti kama anayeingia kwake.

Hapa inabidi nieleze. Mama Resti ni jirani yetu, mjane kama mama, mtu mzima wa umri uleule. Sisi ni Walutheri, wao ni Wakatoliki, na hilo halijawahi kutusumbua. Nilikula mtori kwenye jiko lake nikiwa mdogo kuliko sufuria lake. Ila mvua za mwaka jana mama alichimbisha mfereji ule ili maji yasiingie kwenye kahawa zake, na maji yakaamua kuingia kwenye migomba ya Mama Resti. Migomba kadhaa ikalala. Yakasemwa maneno. Tangu siku hiyo wawili hawa hawasalimiani. Wakikutana njiani mmoja anaangalia juu mlimani, mwingine anaangalia viatu vyake. Mfereji ulishazibwa na kuchimbwa upya upande mwingine, maji hayaingii tena kwa yeyote, lakini kimya kimebaki.

Mimi nimekuwa nikimsalimia Mama Resti barabarani. Ila kuingia kwake, hapana. Mama asingesema kitu, angeniangalia tu.

Nikauruka mfereji.

Nilipotokeza uani kwake niliona mambo mengi kwa mara moja. Ng'ombe wake amefungwa kwenye nguzo, analowa, ametoka kuogeshwa dawa ya kupe. Bomba la kunyunyizia liko chini. Karibu nalo kuna ndoo yenye dawa iliyobaki, nyeupe kama maziwa. Mlangoni mwa stoo ya kahawa amelala paka jike ambaye sijawahi kumwona, na Chui amejinyoosha pembeni yake. Na Mama Resti ameinama juu ya ndoo, ameshika mtoto wa paka kwa ngozi ya shingo, anaelekea kumzamisha.

"Usimtie humo!" nikasema, tena kwa sauti.

Mama Resti aliganda. Mtoto wa paka akabaki ananing'inia hewani, analia. Kisha bibi akajinyoosha taratibu na kuniangalia kuanzia miguuni.

"Kwenu siku hizi hamji kusalimia," alisema. "Mnakuja kuamrisha."

Uso ulinichoma. Hata shikamoo nilikuwa nimeisahau. Nikaisema, na yeye akaiacha ikae pale kidogo kabla ya kujibu marahaba.

Nikamwomba anisamehe, nikamweleza. Hiyo dawa inamfaa ng'ombe, lakini paka mwili wake hauiwezi, na paka hujiramba, kwa hiyo kila unachompaka kwenye manyoya anakimeza. Mtoto wa umri ule asingefika jioni.

"Nani kasema?"

"Daktari wa Kwa Sadala alinionya kuhusu dawa za kupe. Mpigie, namba ninayo."

Alimwangalia mtoto wa paka, akaangalia ndoo. Nikaelewa kwamba hakuwa mkaidi. Alikuwa amechoka kuwasikia wakijikuna.

"Sasa nifanyeje?" akauliza. "Usiku kucha wanakwangua masikio yao. Huyu ameshajitoa damu hapa nyuma. Nikae nawaangalia?"

Ndoo ikapelekwa nyuma ya banda, ikafunikwa. Tukanawa mikono kwa sabuni, mara mbili. Nikampigia daktari, nikaweka sauti kubwa ili Mama Resti naye asikie. Daktari alicheka kidogo aliposikia kwamba paka wengine wamepatikana. Akasema watoto nisiwamiminie kitu chochote sikioni, na nisithubutu kugawa dawa ya Chui, kwa sababu dawa inapimwa kwa uzito. Leo niwafute tu uchafu wa nje kwa pamba yenye unyevu wa maji ya uvuguvugu. Jumatatu wote wapelekwe kwake, mama yao, watoto na Chui, watibiwe kwa pamoja. Wakitibiwa mmojammoja, alisema, tutakuwa tunawahamisha wadudu tu kutoka nyumba hii kwenda ile.

Nyumba hii na nyumba ile. Mama Resti aliangalia pembeni.

Tukaanza. Mimi nafuta, yeye anashika. Tatizo likajitokeza papo hapo. Mama Resti amezoea kushika ndama. Alimbana mtoto wa paka kwa nguvu zake zote, mtoto akapiga kelele, mama yake akatufokea kutoka mlangoni, na mimi nikapata mikwaruzo hii. Tukabadilishana, mimi nishike yeye afute, lakini macho yake siku hizi hayaoni vitu vidogo vya karibu, na pamba ikawa inapita kila mahali isipokuwa sikioni. Nilimzuia kabla kidole hakijazama.

Ndipo niliposikia sauti nyuma yetu, ng'ambo ya mfereji.

"Mwambie asimbane hivyo shingoni."

Ni mama. Alikuwa amesimama kati ya migomba, khanga imeloa pindoni, taulo la Chui mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alikuwa anasema na mimi. Alijifanya hamwoni Mama Resti, kwa jinsi walivyozoea kutokuonana.

Mama Resti aliendelea kumwangalia mtoto wa paka.

"Eli," aliniambia, "mwambie kama anajua sana aje ashike mwenyewe."

Mimi sikumwambia mtu kitu. Wote wawili walikuwa wanasikia vizuri kabisa. Nilishika pamba yangu nikatulia, kama ninavyotulia mlimani nikisubiri maji yachemke. Kuyachungulia hakuyaharakishi.

Mama alikunja khanga yake kidogo, akauvuka mfereji.

Alikaa kwenye kigoda cha kukamulia bila kukaribishwa, akatandika taulo mapajani, akanyoosha mikono. Mama Resti akamwekea mtoto wa paka juu ya taulo. Mama akamfunika, akamfunga vizuri, mikono yake imetulia kama ya mtu anayefunga kitumbua cha moto kwenye jani la mgomba. Mtoto akanyamaza. Nikamfuta sikio moja, nikamfuta la pili. Weusi ukabaki kwenye pamba.

"Lete mwingine," mama alisema.

Mama Resti akaleta mwingine.

Hivyo tukaenda, mtoto baada ya mtoto. Mama anashika, mimi nafuta, Mama Resti anachovya pamba, anazikamua na kunipa, na zilizochafuka anazitia kwenye mfuko wa kuchoma. Hakuna aliyetaja mfereji. Hakuna aliyetaja migomba. Walikuwa wanazungumza na paka, kila mmoja na paka wake. Tulia wewe. Huyu ana masikio ya baba yake. Huyu mkorofi huyu.

Kisha nikasema tummalizie na Chui, na mama akaita, "Chui, njoo."

"Huyo si Chui," Mama Resti alisema. "Huyo ni Mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Wangu. Alikuja siku moja na mvua, nikampa ugali na maziwa. Anakula hapa kila mchana."

"Anakula kwangu kila asubuhi."

Wakaangaliana. Kwa kweli wakaangaliana, uso kwa uso. Chui, au Mgeni, alikuwa amekaa kati yao akiramba mguu.

"Ndiyo maana amenenepa," mama alisema.

Mama Resti alianza kucheka kwanza. Kicheko chake ni cha chini, cha tumboni, nilikuwa nimeshakisahau. Mama alijaribu kuuma midomo, ikashindikana. Walicheka mpaka mama akajifuta macho kwa pindo la khanga, wakahamia kwenye Kichagga, wakasema haraka haraka mambo ambayo mimi mwenyewe sikuyapata yote. Nilisikia neno la maji. Nilisikia neno la migomba. Nilisikia Mama Resti akisema kitu kirefu kwa sauti ya chini, na mama akiitikia kwa kichwa, mara kwa mara. Nikamchukua Chui nikaenda naye upande wa ng'ombe kumsafisha. Hiyo ilikuwa yao.

Sikusikia aliyeomba radhi. Labda wote wawili. Niliporudi Mama Resti alikuwa amewasha moto, na mama alikuwa anamenya ndizi zake.

Tukala huko.

Sasa kuna jambo ambalo lilikuwa linanisumbua tangu niliposikia neno Jumatatu. Jumatatu sipo. Asubuhi hiyo natakiwa kwenye geti la mlima na wageni wangu, na nikishapanda, ni juma zima. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nani nimwombe awapeleke paka, na nani atafuta masikio mimi nikiwa juu, maana kazi hii haifanyiki mara moja. Mayai ya wadudu yanaanguliwa baadaye, na ukiacha katikati unaanza upya.

Tukiwa njiani kurudi nikamwambia mama kwamba nitampigia shemeji aje na bodaboda.

"Wa nini?" alisema.

"Kuwapeleka paka."

"Tumeshapatana. Yeye atabeba kapu lake, mimi nitabeba langu. Wakibanwa kwenye kapu moja watapigana." Alivuka mfereji kwa hatua moja, mimi nikiwa bado natafuta pa kukanyaga. "Na kusafisha tutasafisha. Mimi nashika, yeye anafuta."

"Mama, haoni."

"Ana miwani. Anaona haya kuivaa kwa sababu ilinunuliwa na mkwewe. Nimemwambia aivae."

Nilitaka kumweleza tena habari ya kupasha chupa kwenye viganja, kidole kisipite pale jicho linapoishia, dawa ya kila paka kwa uzito wake. Nilifungua mdomo. Aliniangalia kama anavyoniangalia nikimwelekeza namna ya kupika machalari ya ndizi.

"Na usinipigie simu kutoka huko juu kuniuliza," alisema. "Ukipiga, uliza hali yangu."

Sawa.

Nimekaa hapa barazani nafunga mzigo wangu kwa mawazo tu, viungo, visu, taa. Ndani mama anaimba wimbo wa kanisani huku anaosha vyombo. Chui hayupo. Kwa mara ya kwanza najua alipo.

Jumatatu asubuhi mimi nitapanda mlima, na wao watashuka Kwa Sadala na makapu yao mawili, wakibishana njia nzima daktari aandike jina gani. Nani kati yetu ana safari ngumu zaidi? Sijui. Ila kwa nilichokiona leo pale uani, siwahofii hata kidogo.